Sinthetiki imefunika sekisheni, halafu haikai sawa: nianze kurekebisha wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Nilimaliza jiolojia mwaka jana, sasa hivi niko mafunzoni kwenye ofisi moja hapa Dar wanaotafsiri data za mitetemo. Nimepewa kisima kimoja cha baharini nitengeneze treisi (mstari mmoja wa mtetemo) ya sinthetiki, yaani iliyokokotolewa kutoka vipimo vya kisima, niilaze juu ya sekisheni, ile picha ya mitetemo iliyorekodiwa. Shida inatokea pana mno inafunika kila kitu, nikizumu inabadilika, mara mawimbi yake yamelala kama uzi mara yamejaa kupita kiasi. Halafu imekaa chini kwa kama milisekunde 40, na nikigeuza polariti (vilele viwe mabonde) nayo naona inakaribia kufanana! Kisima kina chekishoti, vile vipimo vya muda wa mtetemo mpaka vina vinavyojulikana. Mwenzangu kasema nisogeze tu mpaka ikae, kila mtu anafanya hivyo. Ni sawa? (Msomaji, Kinondoni)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mambo manne kwa mpigo na mwenzako kakujibu moja tu, tena lile ambalo lilitakiwa lijibiwe mwisho kabisa.

Kabla hujasogeza kitu, tenganisha kichwani mwako. Kuna vitufe vinavyobadilisha jinsi unavyoiona sinthetiki, na kuna vitufe vinavyobadilisha sinthetiki yenyewe au uhusiano wa muda na kina wa kisima. Upana, idadi ya marudio, rangi, uwazi, geini (ukuzaji wa mawimbi) ya skrini, hivyo chezea hata usiku kucha hakuna atakayeumia. Ila kusogeza, kuvuta, kubana, kuzungusha fezi (mkao wa vilele na mabonde) ya weveleti (umbo la wimbi moja la mtetemo), hapo kila ukigusa umehamisha kina cha kila horizoni (uso wa tabaka) itakayofuatwa kutoka kwenye kisima hicho, na kuna siku mtu atachagua sehemu ya kuchimba kwa kutumia namba zako. Ubaya wa programu nyingi ni kwamba vyote vimepangwa kwenye dirisha moja, vinakaa pembeni kwa pembeni, na vyote vinafanya picha ipendeze, kwa hiyo mtu anajikuta ametibu tatizo la skrini kwa dawa ya data au kinyume chake.

Tuanze na upana maana huo ni mwepesi. Sinthetiki ni treisi moja. Sekisheni yako tuseme ina treisi mia nne zilizoachana mita 25, hizo ni kilomita kumi umezibana kwenye skrini ya laptopu, kila treisi inapata pikseli tatu nne hivi. Ukiichora sinthetiki kwa upana wake halisi hutaiona, ndo maana programu inairudia ileile mara tano, mara kumi, zikasimama pamoja kama kundi. Sasa kumbuka hizo ni nakala, sio data zaidi. Nishaona mtu anaonyesha kwenye projekta kwamba "hapa tabaka limelala vizuri", kumbe anasoma ndani ya sinthetiki, lazima lilale, ni treisi moja imerudiwa!

Hiyo ya kubadilika ukizumu, angalia upana umewekwa kwa kipimo gani. Kama ni mita za ardhini itapanuka na kusinyaa pamoja na sekisheni, kama ni pikseli au sentimita za skrini itabaki vilevile, kwa hiyo ukirudi nyuma kuona sekisheni nzima yenyewe inaonekana imevimba na kufunika kilomita mbili. Kwa kazi ya kulinganisha mi napenda marudio matatu mpaka matano, upana wa mita, na treisi za sekisheni zionekane pande zote mbili zikigusa kabisa ukingo wa sinthetiki. Ukitaka picha ya ripoti panua unavyotaka.

Lakini upana una mtego mmoja ambao haukai kwenye urembo. Kama matabaka yameinama, sinthetiki pana inakufanya ulinganishe ukingo wake na mahali ambapo kisima hakipo. Fanya hesabu: sinthetiki ya mita 250, ukingo uko mita 125 kutoka kisimani, matabaka yameinama digrii 10, tofauti ya kina hapo ni mita 22 hivi, na kwa kasi ya mita 2,500 kwa sekunde, kwenda na kurudi, hiyo ni milisekunde 17 au 18. Upande wa kushoto itaonekana imekaa juu, wa kulia imekaa chini, na wewe unaanza kuhangaika na data ambayo haina kosa. Kwa hiyo hiyo 40 yako kwanza hakikisha umeisoma katikati, pale kisima kinapopita, ukiwa umepunguza upana. Na kama kisima kimepinda, hakikisha programu inachora sinthetiki ikifuata njia ya kisima, maana kuna mpangilio unaoichora imesimama wima chini ya kichwa cha kisima kana kwamba kisima kimenyooka, na hapo chini kabisa unalinganisha na mahali ambapo bomba halijawahi kufika.

Uzi na kujaa. Hii ni geini, na chanzo chake ni kwamba sinthetiki na saizmiki, yaani data ya mitetemo iliyorekodiwa, hazizungumzi namba moja. Sinthetiki inazaliwa kutoka kwenye vigawo vya uakisi, unachukua impidensi (kasi mara densiti, yaani uzito kwa ujazo) ya tabaka la chini unatoa ya juu unagawa kwa jumla yao. Mfano wa kubuni: tope gumu lenye kasi ya mita 2,700 kwa sekunde na densiti 2.35 linakupa impidensi 6,345, chini yake mchanga wenye gesi, kasi 2,400, densiti 2.05, unapata 4,920. Tofauti ni hasi 1,425, jumla ni 11,265, kigawo ni kama hasi 0.13. Na hiyo ni akisi kubwa, nyingi zinakuwa ndogo zaidi ya hapo. Saizmiki yako sasa, kama imehifadhiwa kwa biti 16, inaweza kwenda mpaka elfu thelathini na kitu. Ukizichora zote kwa skeli moja, sinthetiki ni uzi. Programu ikiamua kukusaidia inaipanua mpaka kilele kikubwa kuliko vyote kijae nafasi, na hapo ndipo inapojaa kupita kiasi, au kinyume chake, kilele kimoja kinajaa na vingine vyote vinalala.

Ukiona hiyo ya pili, kilele kimoja kinang'aa na vingine vimekufa, usikimbilie geini. Rudi kwenye logi, yaani vipimo vilivyochukuliwa ndani ya kisima. Mara nyingi ni mwiba kwenye soniki (logi ya kasi ya sauti kwenye mwamba), kifaa kilikosa mlio wa kwanza kikashika wa pili, au ukuta wa kisima ulibomoka pale na densiti ikasoma matope ya kuchimbia badala ya mwamba. Weka logi ya kaliperi (kipenyo cha kisima) pembeni, kama kisima kimepanuka palepale penye mwiba, basi umempata mchawi. Safisha mwiba, tengeneza sinthetiki upya, utashangaa geini imejirekebisha yenyewe. Na kwa kuwa we ni mgeni kwenye data hizi uliza pia kila logi imetoka wapi. Wengi wanajifunzia data ya bure ya F3 ya Uholanzi, ile ya bahari ya Kaskazini, ina visima vinne vyenye soniki lakini ni viwili tu vilivyopimwa densiti, F02-1 na F03-2, kwenye vile vingine viwili densiti ilitabiriwa na mtandao wa nyuroni kutoka soniki na gama (mionzi ya asili ya mwamba). Sasa mtu anatengeneza sinthetiki kwenye kisima cha densiti ya kutabiri, haifanani sehemu fulani, anaanza kuvuta muda. Angeuliza kwanza.

Baada ya hapo geini sahihi sio ile inayopendeza. Chukua kipande kimoja cha muda, tuseme milisekunde 500 kuzunguka eneo unalolitaka, pima wastani wa nguvu yaani RMS ya saizmiki na ya sinthetiki kwenye kipande hichohicho, gawanya, zidisha sinthetiki kwa jibu. Sasa zote mbili ziko kwenye mizani moja, tumia rangi zilezile na mipaka ileile ya rangi kwa zote. Ukifanya hivyo utapata kitu ambacho geini ya macho haikupi, utaona mahali ambapo sinthetiki ina nguvu na saizmiki haina, na hiyo ni habari: labda kuna ufa, labda data imepoteza nguvu, labda logi ni mbovu. Ukiipa kila moja geini yake ya kupendeza umejifungia huo mlango.

Haya, tuingie kwenye 40. Hapa ndo pana utamu wenyewe.

Pima kwanza kwenye sekisheni umbali kutoka kilele mpaka kilele kwenye eneo lako. Sijaiona data yako, lakini data nyingi za kina cha kati zina masafa yanayotawala ya kama hezi 25, na kwa hezi 25 wimbi moja zima ni milisekunde 40. Unaona? Yaani ukisogeza sinthetiki milisekunde 40 umeipandisha wimbi zima, na wimbi zima likipanda kilele kinakaa kwenye kilele kinachofuata, bonde kwenye bonde, kila kitu kinaonekana kimekaa hata kama hakijakaa. Ni sawa na kusinzia kwenye mwendokasi wa Kimara, vituo vinafanana, unashuka Tip Top moyo mweupe kabisa ukijua uko Manzese. Na ile ya polariti kukaribia kufanana ni hadithi hiyohiyo: ukigeuza polariti vilele vinakuwa mabonde, halafu ukisogeza nusu wimbi, milisekunde 20, inakaa tena. Kwa hiyo una majibu matatu mezani: polariti hii bila kusogeza sana, polariti hii na kusogeza 40, polariti ya kinyume na kusogeza 20. Yote yanaweza kukupa korileshoni (kipimo cha kufanana) nzuri na yote yanapendeza kwa macho, na moja tu ndilo la kweli, sasa huyo mwenzako anaposema "mpaka ikae", ikae wapi?

Kitakachokuokoa hapo hakiko kwenye skrini, kiko kwenye vichwa vya mafaili. Fungua faili la LAS, lile lenye data za logi, fungua ripoti ya kisima, tafuta KB (kelly bushing), sehemu ya mtambo iliyo juu kidogo ya sakafu yake, na urefu wake kutoka usawa wa bahari. Logi zinapimwa kuanzia hapo, saizmiki ya baharini inaanza kuhesabu muda kutoka usawa wa bahari. Kama KB yako ni mita 30, na programu ikachukua vina vya logi kana kwamba vimepimwa kutoka usawa wa bahari, kila kitu kinashuka mita 30, na kama hizo mita 30 za juu zimepewa kasi ya maji, mita 1,500 kwa sekunde, kwenda na kurudi ni milisekunde 40 kamili. Sinthetiki inakaa chini, kama yako. Sisemi ndicho kilichotokea, nasema hiyo namba inafanana mno na kosa la datamu (sifuri ya kuhesabia kina) kiasi kwamba ukiisogeza bila kuangalia hutajua kama umerekebisha kosa la kweli au umeruka wimbi, maana yote mawili yanakuja na sura ileile.

Tena tofauti kati ya kusogeza na kurekebisha datamu sio maneno tu. Ukirekebisha KB kwenye taarifa za kisima, kila kitu kinakaa sawa: alama za matabaka, chekishoti, logi, na kisima cha jirani kikija kitakuta mpangilio uleule. Ukisogeza sinthetiki peke yake, umeficha kosa kwenye kisima kimoja, alama za matabaka labda zinabaki pale pale zilipokuwa, na mwezi ujao mtu mwingine anakuja kurekebisha KB bila kujua ulishasogeza, sasa imekaa juu kwa 40.

Chekishoti nayo iangalie macho manne. Je vina vyake ni kutoka KB au usawa wa bahari? Ni vya urefu wa kisima au vya wima? Muda wake ni wa kwenda tu au kwenda na kurudi? Hii ya mwisho ukikosea utaijua haraka maana kila kitu kitakuwa nusu au mara mbili, lakini hizo mbili za kwanza zinakosewa kimyakimya. Ukikuta safu haina maelezo, chukua nukta ya kwanza ya chekishoti, gawanya kina kwa muda uone kasi inayotoka, kama juu kabisa baharini unapata kasi iliyo chini sana ya 1,500 kuna kitu hakijakaa, hakuna mwamba chini ya maji unaokupa wastani kama huo isipokuwa umechanganya datamu au muda.

Polariti sasa. Usiichague kwa kulinganisha sinthetiki, utazunguka tu, maana sinthetiki ndiyo unayoijaribu. Tafuta shahidi wa nje. Baharini shahidi wako ni sakafu ya bahari, kutoka maji kwenda kwenye tope impidensi inapanda, hakuna ubishi, kwa hiyo rangi utakayoiona pale ndiyo rangi ya kupanda kwa impidensi kwenye data hiyo. Kwa utaratibu wa SEG, chama cha wanajiofizikia, kupanda kunaandikwa namba chanya, kilele, lakini kuna data nyingi zimekuja kwa utaratibu wa kinyume unaozoeleka Ulaya, na rangi nazo kila ofisi ina zake, nyekundu ya huku ni bluu ya kule. Kwetu huku kwenye vitalu vya bahari kuu, kule gesi ya Zafarani ilikogunduliwa mwaka 2012, maji yana zaidi ya mita 2,000 kwa hiyo sakafu inaonekana safi kabisa, kwa maji ya mita 2,400 itafute kwenye sekunde 3.2. Kisima chako kikiwa kwenye maji mafupi, kama upande wa Songo Songo, sakafu inakuja mapema mno na mara nyingi imeharibiwa na usindikaji, basi tafuta tabaka lingine unalolijua kwenye logi, chokaa nene katikati ya tope, ni nzuri sana, imepanda juu imeshuka chini.

Na usisahau kuuliza programu yako kitufe cha kugeuza polariti kinagusa nini. Kuna kinachogeuza rangi za mchoro tu, kuna kinachozidisha weveleti kwa hasi moja. Ukibonyeza vyote viwili umerudi ulipoanza na unadhani umegeuza.

Kama sakafu ya bahari haioneshi kilele safi wala bonde safi, imekaa kama kilele kimefuatwa na bonde la ukubwa uleule, basi data yako haiko kwenye fezi sifuri (kilele au bonde kukaa sawasawa penye mpaka wa tabaka), iko karibu na digrii 90, na hapo polariti zote mbili zitakataa kidogo na kukubali kidogo. Hiyo nayo inafanana na maelezo yako, sijui. Hapo dawa ni kuzungusha fezi ya weveleti na sio kusogeza muda, lakini zungusha kwa ushahidi wa sakafu na sio kwa kutafuta korileshoni kubwa.

Kwenye weveleti kuna maficho mengine. Kuna njia ya kuitoa weveleti kwenye kisima na saizmiki kwa pamoja, programu inatafuta weveleti itakayofanya sinthetiki ifanane. Ni njia nzuri mno, mwishoni. Ukiitumia mwanzoni, wakati bado kuna kosa la muda, kosa linaingia ndani ya weveleti: utapata weveleti ambayo nguvu yake haiko kwenye sifuri, iko pembeni milisekunde 30 au 40, na korileshoni itakuwa tamu na wewe utashangilia. Kwa hiyo anza na weveleti ya Ricker, ile ya kihesabu, ya kawaida ya masafa yanayoendana na data, au weveleti ya takwimu iliyotoka kwenye saizmiki peke yake, ukishakaa sawa ndipo utoe ya kisima, na ukiitoa iangalie imekaa wapi. Ikiwa imeegemea upande mmoja, kosa la muda bado lipo.

Kuvuta na kubana nitasema kifupi maana kwa kisima chenye chekishoti hutakiwi kuvuta sana. Soniki inapima kwa masafa ya maelfu ya hezi na mawimbi hayo kwa kawaida yanapita kwenye mwamba haraka kidogo kuliko ya saizmiki, kwa hiyo ukijumlisha soniki tu kutoka juu mpaka chini muda unatoka mfupi kidogo kuliko wa chekishoti, tofauti hiyo ndiyo chekishoti inayoirekebisha. Programu ifanye hiyo kazi kwanza. Baada ya hapo kama bado kuna vipande haviendani, vuta kidogo, halafu angalia kasi uliyoizalisha. Mfano kati ya alama mbili zilizoachana mita 200 logi inasema milisekunde 160 kwenda na kurudi, hiyo ni kasi ya 2,500. Umebana zikawa 140, sasa kasi ni 2,857, umeongeza asilimia 14 kwenye tope ambalo soniki imelipima vizuri na ukuta wa kisima ni mzima. Utamwambia nini mwanafizikia wa miamba akikuuliza? Programu nzuri inachora hiyo kasi ya vipande pembeni, iwashe uiache wazi muda wote. Ukiona imeanza kuruka ruka kama ngazi iliyovunjika umeshavuka mpaka.

Namba ya korileshoni itazame lakini usiikimbize. Ukifupisha kipande cha kulinganisha mpaka milisekunde 100 unaweza kupata 0.9 mahali popote, mawimbi mawili yanafanana na mawimbi mawili. Panua kipande kifike mia tano au zaidi kama logi inaruhusu, ukipata 0.6 au 0.7 kwenye kipande kirefu bila kuvuta sana mi ningeamini hiyo kuliko 0.9 ya kipande kifupi. Na usitazame kilele kimoja, tazama mfuatano: vilele viwili vyembamba vimebanana, halafu ukimya mrefu, halafu bonde nene. Mfuatano wa namna hiyo haujirudii kila milisekunde 40, ndio utakaokutenganishia yale majibu matatu. Sehemu za ukimya zina kazi kuliko watu wanavyodhani, tope nene lisilo na akisi kwenye sinthetiki lazima liwe na utulivu kwenye saizmiki, likiangukia kwenye matabaka yanayong'aa ujue umeshuka kituo sicho.

Kitu kingine kidogo kabla sijasahau. Programu zinazokuruhusu kusevu sinthetiki kama logi ili uilaze kwenye sekisheni huwa zinaigeuza kuwa ya kina kwa kutumia uhusiano wa muda na kina uliokuwepo wakati unasevu. Ukirekebisha uhusiano baadaye, sinthetiki uliyosevu haijui, inarudishwa kwenye muda kwa njia mpya na inaonekana imehama au imevutika. Kwa hiyo kila ukibadilisha muda na kina, tengeneza na usevu upya, futa ya zamani kwenye mchoro, vinginevyo utakuwa unapigana na kivuli. Na uhusiano uliokuja na kisima usiuguse, nakili, ipe nakala jina lenye tarehe na ulichofanya, mfano "TD_KB imerekebishwa" (TD ni muda na kina), sio "TD mpya" maana baada ya wiki mbili utakuwa na TD mpya nne, TD mpya kabisa na TD mwisho.

Kwa mpangilio basi kesho ukifika ofisini: punguza upana, soma tofauti katikati ya kisima. Safisha miiba ya logi. Sawazisha geini kwa RMS. Soma polariti kwenye sakafu ya bahari, ifunge, usiiguse tena. Halafu KB na chekishoti, kwa karatasi na kalamu, kabla ya kugusa kitufe cha kusogeza. Ukikuta KB ni mita 30 au karibu na hapo na datamu haikuwekwa, rekebisha datamu, sinthetiki itapanda yenyewe na hutakuwa na cha kusogeza. Ukikuta datamu iko sahihi na chekishoti iko sahihi, basi hiyo 40 usiiamini kabisa, uwezekano mkubwa kituo cha kweli kiko ndani ya milisekunde kumi kutoka ulipo sasa na kinachokuchanganya ni fezi. Kama kuna kisima cha pili kwenye data hiyohiyo kifanye pia kwa weveleti ileile na polariti ileile, kikidai kusogezwa kiasi tofauti kabisa na hiki, tafuta kosa kwenye taarifa za kisima kimojawapo.

Na mkubwa wako akikuuliza kwa nini umechukua siku mbili kwenye kisima kimoja, mwoneshe yale majibu matatu yakiwa yamelazwa pembeni kwa pembeni kwenye sekisheni moja, kila moja na korileshoni yake, umwachie achague kwa macho.